Ua la Mama na Maji ya Baba Mkwe

Nilipopangiwa kufundisha Tukuyu, miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mama alinipa tawi la ua lake la dirishani kule Dodoma: majani manene, vichwa vya maua madogo mekundu. Nililipanda kwenye kopo la siagi, kwani siagi ilikuwa imeanza kuonekana tena madukani. Mama akafariki kabla halijachanua hata mara moja.

Kisha nikaolewa na Mnyakyusa. Kwao mkamwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Mzee akibisha hodi, mimi mbio jikoni. Chai humkuta sebuleni kwenye chupa. Naye alikuwa mwema kupita kiasi. Akiona udongo wa kopo langu pale dirisha la sebuleni umekauka, analionea huruma, analimwagia kikombe kizima. Tukuyu hata nguzo za uzio huchipua, nani atajua kwamba kuna mmea unaokerwa na maji?

Mimi nyuma ya mlango nang'ata kanga. Mume wangu nilipomwomba amkataze alicheka tu, eti mzee hakatazwi. Mwezi haukuisha, shina likawa jeusi, likalainika kama ndizi iliyooza. Nililia, na hasira nilikuwa nazo, sifichi.

Ncha moja tu ilikuwa nzima. Niliikata, nikaiacha siku mbili kivulini kidonda kikauke. Nikatoboa kopo jingine chini, nikachanganya udongo na vile vijiwe vyepesi vya mlimani, nikaipanda na kuirudisha dirishani kwenye mwanga. Ikashika.

Jumapili moja nikasikia hodi, halafu kata ikizama mtungini. Nikamgeukia kuku aliyekuwa chini ya meza ya jikoni, nikapaza sauti:

"We kuku! Ua hili ni la marehemu mama yangu! Halitaki maji mpaka udongo ukauke kabisa, na la kwanza lilishaoza!"

Kisha sauti ya mzee, polepole:

"Kuku, mwambie mama wa nyumba hii mimi sikujua. Anisamehe."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Tangu hapo kuku akawa na kazi. "Kuku, leo udongo umekauka?" "Kuku, bado, labda keshokutwa!"

Pasaka tukamla.

Kipupwe kilipoingia na usiku kurefuka, ndivyo ua lile lipendavyo, vikonyo vikaanza kuchomoza. Asubuhi moja nikamsikia mzee sebuleni akihangaika, anakohoa, anatafuta wa kumtuma. Mwishowe sauti ikageukia ukuta wa jikoni, akaniita mwenyewe, bila kuku:

"Mama, njoo uone. Mama yako amechanua."