Miaka Miwili ya Katikati

Nakumbuka siku moja ya likizo, mwanangu, niliposhuka kwenye treni Niemba nikitoka shuleni Kalemie, nikakuta mihogo ya mjomba wangu, Papa Kalunga, imejikunja majani. Ugonjwa ulikuwa umeingia mashambani. Ukichimba, unatoa mizizi myembamba kama vidole. Kijiji kizima kilikuwa hivyo, na watu wazima walikula kimyakimya, jambo ambalo sikuwa nimelizoea.

Mjomba alikuwa ametoka Kabalo na miti mitano ya mihogo ya kupanda, isiyo na ugonjwa, zawadi ya rafiki yake mkulima. Rafiki huyo alimwambia, "Mimi pia nilianza na mitano. Mwaka wa nne nilipanda elfu tano." Elfu tano ingetosha kijiji chote. Lakini mwaka wa pili je, na wa tatu? Hilo mjomba hakuuliza. Furaha humsahaulisha mtu.

Kaka yangu Ilunga alipenda sana kuwa mleta habari njema. Akachukua kijiti, akaandika mchangani mbele ya majirani. Akatoa tano katika elfu tano, kilichobaki akakigawa sawasawa kwa miaka mitatu. "Mwakani tutapita elfu moja na mia sita," akatangaza. "Haba na haba hujaza kibaba!" Watu wakashangilia. Mama Sifa, jirani yetu mjane mwenye watoto wadogo, akaahidiwa miti mia palepale.

Mimi niliitazama ile mitano iliyolala mkekani. Mti mmoja ungezaaje zaidi ya mia tatu kwa mwaka? Lakini kumkosoa kaka mbele ya watu niliona haya.

"Weye mutoto wa masomo," mjomba akaniita, "mbona umenyamaza?"

"Mjomba, haba na haba ni ya kujumlisha. Muhogo unazidisha." Nikamweleza: gawa elfu tano kwa tano, unapata elfu moja. Kutoka mwaka wa kwanza hadi wa nne ni hatua tatu. Basi tafuta namba moja ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe, kisha tena kwa yenyewe, inafika elfu. Ni kumi. "Kila mti unazaa kumi. Mwakani ni hamsini, mwaka unaofuata mia tano, na wa nne njo elfu tano."

Mama Sifa akaniangalia. "Kwa hiyo mwakani sipati kitu?"

"Uvumilie tu, Mama," nikajibu kwa raha ya mtu aliyepata jibu. "Mwisho wake ni mkubwa."

Mjomba hakupaza sauti. "Hesabu yako ni sawa. Lakini muntu mwenye njaa usimuhubirie mwisho. Watu wanaishi katikati. Hiyo hamsini tukiilinda, watoto wa huyu mama watakula nini?"



Mjomba na majirani wakakaa, wakapanga. Miti hamsini yote ingerudi ardhini, asipewe mtu hata mmoja, maana chovya chovya humaliza buyu la asali. Mjomba akamkatia Mama Sifa kipande cha shamba lake kando ya mto, alime viazi vitamu na mahindi miaka hiyo miwili. Ilunga alinuna kidogo, kisha yeye ndiye aliyejenga uzio wa kuzuia mbuzi. Hata hivyo mbuzi waliingia, na mia tano haikutimia. Elfu tano nayo haikutimia. Lakini mwaka wa nne kila nyumba ya Niemba ilipanda, na Mama Sifa alikuja na panga lake, akakata mwenyewe vipande vyake vya mihogo vya kupanda bila kuomba.

Mwanangu, ukijua mwanzo na mwisho wa jambo, usikimbilie kugawa sawasawa. Uliza kwanza jambo hilo hukua namna gani. Ndipo namba zilizofichika zitajitokeza. Na zikijitokeza, tazama ni nani atakayeishi ndani yake, umtafutie chakula kabla ya kumpa matumaini. Mungu akujalie mbegu safi na ardhi ya kuipandia, na mkono usiochoka kumpa mwenzio sehemu ya shamba.