Mwisho Alioukataa Shangazi

Shangazi yangu wa Mambrui alikuwa fundi wa nguo mpaka cherehani yake ilipoibwa. Alikwenda kituo cha polisi mara nyingi, akiambiwa uchunguzi unaendelea, mwisho akachoka. Mwaka huo, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa nikimsomea riwaya ya upelelezi kila alasiri huku yeye akishona kofia kwa mkono.

Siku tuliyoimaliza, muuaji aliponyoka. Inspekta alifunga jalada, akarudi kwake akalala.

"Soma basi," shangazi akasema.

"Kitabu kimekwisha, shangazi. Ndivyo mambo yalivyo duniani."

"Ya duniani nayajua, mwanangu. Hayo sihitaji kusomewa."

Nilikereka, maana mimi mwisho ule niliuona wa kweli kabisa. Lakini alivyokunja uso, sikuweza kuinuka nikaenda zangu. Nikambunia mwisho mwingine: inspekta anamwona muuaji sokoni Malindi, anamtia pingu, naye anakiri yote pale pale.

Shangazi akaitua kofia mapajani. "Alimjuaje kuwa ndiye?"

"Alimshuku tu."

"Na muuaji akakiri, hivi hivi? Wanidanganya kama mtoto."

"Sasa wataka nini, shangazi? Asikamatwe hutaki, akamatwe hutaki!"

"Nataka akamatwe," akasema, "na nisadiki."

Nilijaribu wiki nzima, na kila mwisho niliomletea aliutia kasoro, tena kasoro ya haki. Nilikirudisha kitabu kwa rafiki aliyeniazima, nikamwambia asiniletee kingine.