Ng'ombe thelathini wa bibi wamegeuka weupe

Leo nimemliza bibi yangu kwa kubadilisha rangi ya ng'ombe mmoja.

Natengeneza gemu ya kompyuta kuhusu boma lake la Oldonyo Sambu, lile aliloliacha baada ya ukame kumaliza mifugo. Sasa anaishi nasi hapa Kisongo.

Nilichora ng'ombe mmoja mwekundu, nikamnakili hadi wakawa thelathini.

Mchana manyunyu yakidondoka, Mlima Meru umejificha mawinguni, bibi akavuta kiti karibu na kompyuta.

"Yule wa pembeni mfanye mweupe," akasema. "Ndiye aliyekufa mwisho. Nilikuwa namnywesha maji kwa mkono."

Nikambadilisha.

Kundi zima likawa jeupe.

(Kumbe nakala zote zilikuwa zinachota rangi sehemu moja. Ukigusa ya mmoja, umegusa ya wote. Najua, kosa la mwanafunzi.)

Bibi machozi yakamtoka, taratibu.

"Samahani bibi, narekebisha sasa hivi."

Akanishika mkono. "Waache kwanza watembee."

Wakatembea, weupe wote, polepole kama ukungu unaoshuka mlimani. Bibi akawa anawaita kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini, kila mmoja kwa jina lake. Hakurudia jina hata moja.

Walipofika mwisho wa malisho nikamtenga mwingine, si yule wa pembeni, nikampa rangi yake peke yake: mwekundu, madoa tumboni, kama bibi alivyonielekeza.

Akamtazama muda mrefu.

"Huyo sasa ni yeye."

Ukimtoa huyo na yule mweupe wa pembeni, wamebaki ishirini na wanane, na bibi amegoma hata kwenda kunywa chai. Ninyi mngewarudishia rangi zao, au mngewaacha weupe?