Kompyuta Isiyojua Mwezi Umeisha

Nilimwonea wivu jirani yangu kwa sababu ya kompyuta, tena kompyuta kuukuu. Vibanda vyetu vya kuchapa vilishikana ukuta pale mtaani Rhonda. Mama huyo alinunua yake zamani na mfumo wa kuchapia ukiwa ndani, akalipa mara moja, basi. Yangu ilikuwa mpya, nyembamba, lakini mfumo wake ni wa kulipia kila mwezi. Ukichelewa, inajifunga.

Ijumaa moja ilijifunga nikiwa na kazi ya mazishi. Familia ilikuwa imekaa kwenye benchi langu ikisubiri ratiba, na kesho yake walikuwa wanamzika mtu wao kule Bahati. Jirani akachungulia.

"Leta flash, jirani. Hii yangu haijui mwezi umeisha."

Akapanga picha za marehemu, akachapa kila kitu, kisha akakataa malipo. Kama angechukua angalau kitu, ningemchukia kwa raha. Halafu akaniuliza mbele ya watu, "Kwani hao walikuuzia kompyuta ama walikupatia bibi? Hiyo ni mahari, hauwezi maliza."

Hata waliofiwa walicheka. Mimi nilitabasamu kwa meno tu.

Nilianza kungoja siku yake. Nayo ikafika: waliomuuzia mfumo wakaacha kuutunza, na faili mpya za wateja zikakataa kufunguka kwake. Akaja kwangu na flash mkononi. Nilimfungulia, nikamchapia, nami nikakataa malipo ili tulingane. Kisha nikatoa maneno niliyokuwa nimeyaweka.

"Si wazee husema mahari haiishi, mathe? Wewe ulimaliza yako, wakakata undugu."

Alicheka kunishinda, mpaka akajishika kiuno. Mzaha wangu ukawa wake.

Alinunua nyingine, ya kulipia kila mwezi kama yangu. Nilidhani sasa tumekuwa sawa. Lakini ile kuukuu hakuiuza. Aliipangusa, akaiweka juu ya meza ndogo, akaifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, kama vile vya viti vya sebuleni. Asubuhi huinua kitambaa na kuiwasha imwimbie nyimbo za kanisa.

"Hii ni yangu," aliniambia, bila kuringa.

Mwisho wa mwezi huu yangu imejifunga tena. Nimekaa mbele ya skrini inayoniambia nilipe, na kutoka upande wa pili wa ukuta naisikia kwaya yake ikiimba.