Spana Namba Kumi

Fundi mkuu wa karakana yetu ya ndege haendi nyumbani mpaka ubao wa vifaa ujae. Kila kifaa kina kivuli chake, kilichochorwa hapo kwa rangi nyekundu, naye huvipitia kimoja kimoja kwa kidole, midomo ikichezacheza kama mtu anayesali. Mwaka juzi alizuia ndege yenye abiria arobaini kwa saa mbili, kisa bisibisi moja. Meneja alipofoka, yeye alimjibu taratibu, "Bosi, angani hakuna pa kuegesha."

Leo asubuhi wawekezaji walionunua shirika letu walitukusanya chini ya bawa. Mama mmoja wao, mpole kweli, akatuambia kwamba walichonunua ni njia za safari na vibali vya kuruka tu. Ndege zetu zote tatu zitakatwakatwa kuanzia kesho, ziuzwe vyuma chakavu. Fundi alisema tu, "Sawa, mama," akarudi kazini. Jioni nilikuta kivuli kimoja kitupu ubaoni, cha spana namba kumi, na fundi mwenyewe hayupo. Nikatoka mbio. Nilimkuta getini ameishika spana hiyo mkononi, anamuuliza mlinzi kama ameiona.