Etabo Anaozwa Jumamosi

"Mwalimu, Jumamosi naozwa."

Aliyesema hivyo ni mvulana wa gredi ya tano. Kaptula, magoti yenye vumbi, tabasamu hadi masikioni.

Tena ni katuni.

Ngojeni nieleze, msinione nimerukwa na akili. Naitwa Akidor. Mwaka jana nilikuwa nasomea ualimu Lodwar, na chuo kikatuletea mchezo wa kompyuta. Unavaa miwani mizito, unajikuta mbele ya darasa la watoto wa katuni, unafundisha. Wanakusumbua makusudi. Ukiacha somo, unapoteza alama.

Mtundu kuliko wote alikuwa huyo Etabo. Wiki ile kila aliyevaa miwani aliambiwa maneno hayo hayo. Mvulana anaozwa! Wenzangu walicheka mpaka machozi.

"Etabo, fungua kitabu cha hesabu," wakamjibu, wakaendelea.

Zamu yangu ikafika.

"Mwalimu, Jumamosi naozwa. Usiniambie nifungue kitabu."

Uso ulikuwa unatabasamu. Sauti ilikuwa inalia.

Nikavua miwani.

"Akidor, rudi kwa somo!" Mkufunzi wetu, Bwana Lokuruka, akafoka. "Hiyo ni mtihani ya nidhamu!"

"Nani anaongea huko ndani, mwalimu?"

"Ni mchezo! Umefeli."

Sauti za wale watoto zilitoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mtu aliongea huko, kompyuta ikaigeuza sauti yake iwe ya mtoto wa katuni. Tuliambiwa siku ya kwanza, tukasahau. Nikampigia Wol, fundi wa mitambo kule, namba yake ilikuwa imebandikwa ukutani.

"Wol, Etabo ni nani?"

"Ni Nyaboth, msichana wa hapa kambini. Bado mdogo. Simu, watu wa kwao walimnyang'anya. Kaka yake, Ruot, anamleta, anakaa hapo mlangoni mpaka amalize."

"Kwani hasikii anachosema?"

"Anasikia, dada. Anacheka tu, anaona ni mchezo. Hata mimi niliona hivyo."

"Usimwache aende!"

"Wametoka saa hii. Ruot alisema leo ni mwisho."

Nilipanda gari la kwanza. Polisi wa Kakuma wakanisindikiza hadi kwao Nyaboth. Tukakuta mlango una kufuli. Jirani akasema wamevuka mpaka kwenda Sudan Kusini, hawakungoja hiyo Jumamosi.

Niliketi pale chini nikalia kwa hasira. Msichana wa watu alipiga mayowe wiki nzima, na waliomnyamazisha wakapewa alama za juu.

Nilidhani yameishia hapo.

Muhula uliofuata nikarudia mtihani. Nikavaa miwani. Etabo akainua mkono.

"Mwalimu, Jumamosi naozwa. Usiniambie nifungue kitabu."

Sauti ile ile. Kilio kile kile. Chuo kilikuwa kimemrekodi.

"Hiyo ndio zoezi nzuri kushinda zote," Bwana Lokuruka akaniambia, bila aibu. "Endelea na somo."

Nikavua miwani. Nikafeli tena, na wakinirudisha nitafeli.

Wewe unayefundisha, popote ulipo: mtoto akikwambia jambo la ajabu, acha kila kitu umuulize. Hesabu itangoja.