Vitenzi Alivyobaki Navyo Mama

Mama alifundisha Kifaransa katika shule za sekondari za Nakuru mpaka alipostaafu. Kiharusi kilimpata jikoni kwetu, mtaa wa Section 58, akikata sukuma wiki. Aliporudi kutoka hospitalini mkono wa kulia ulikuwa mzito, na maneno yalikuwa yamempotea. Alifungua mdomo, ikatoka sauti isiyo na umbo.

Mtaalamu wa usemi, kijana mpole aliyekuja kila Jumanne, alianza na Kiswahili.

"Mathe, sema ma-ji."

Mama akageukia ukuta. Tukajaribu lugha ya nyumbani, ikawa yale yale. Mwishowe kijana akaniuliza Mama alikuwa akifanya kazi gani. Nikamwambia.

"Basi jaribu hicho Kifaransa. Kata maneno vipande vipande."

Kifaransa mimi nilikiacha kidato cha pili. Nilitoa kitabu chake cha vitenzi kabatini, nikaketi kando ya kitanda, nikasoma "ils parlent", wanaongea, kama ninavyosoma Kiswahili, kila herufi na sauti yake: "Ils pa-re-len-ti."

"Non," akasema Mama.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu augue. Alikuwa amekunja uso kwa hasira. "Parl," akasema. Ile "ent" ya mwisho haitamkwi kabisa, imeandikwa kwa ajili ya macho tu. Kisha, kidole cha mkono wa kushoto kikigonga blanketi kwa kila silabi: "Nous par-lons. Vous par-lez." Tunaongea, mnaongea. Nililia. Akanitazama kama mwanafunzi aliyekatiza somo.

Tangu siku hiyo tulisoma kila asubuhi. Fi-nis-sons, tunamaliza. Man-geons, tunakula, niliyoikata vipande vitatu, akanirudisha na kunirudisha hadi nikaisema kwa viwili. Nilimpigia dada yangu simu: "Mum anaongea!" Niliamini Kiswahili kingefuata.

Hakikufuata. "Nous bu-vons," tunakunywa, aliweza kutamka bila shida, lakini akiwa na kiu aligonga kikombe. Siku moja nilimshika mkono.

"Mum, niite tu jina langu. Ni silabi mbili."

Alijaribu. Midomo ilitetemeka, jasho likamtoka kwenye paji la uso. "Par-lons," akasema, akafumba macho kwa aibu.

Nilipomsindikiza kijana hadi langoni, alinieleza kwamba yale Mama aliyoyarudia darasani miaka yote yamekaa mahali pengine kichwani. "Usikate tamaa," akasema, "lakini pia usitarajie mengi."

Kiharusi cha pili kilikuja Julai, kwenye baridi. Hata vitenzi vikaondoka. Asubuhi niliendelea kuketi naye bila kusoma chochote, nikimpangusa mdomo, naye akitazama dari.

Tulimzika Olenguruone, shambani kwa babu, kwenye ukungu na matope. Mwanamke mmoja wa kanisani aliniuliza neno lake la mwisho lilikuwa lipi. Nikamwambia hakusema kitu. Akanipa pole, akaenda kusaidia kupakua chakula.